Tarehe Mbili za Mok Yuet-ngo

Mok Yuet-ngo alikuwa ameshona mashati viwandani Hong Kong kwa miaka thelathini na nne, na hakuwa amewahi kuona watu wengi namna ile. Foleni ilianzia mlangoni mwa ofisi ya uraia, ikazunguka majengo, ikaingia uwanja wa mpira, ikajikunja humo na kutoka tena. Mwaka uliofuata Waingereza wangeondoka na kuurudisha mji kwa Uchina. Aliyetaka pasipoti yao, mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa leo. Yuet-ngo alivuka mpaka kutoka Uchina kwa miguu, akiwa msichana, na kwenye karatasi yake ya kusafiria, penye uraia, hapakuandikwa kitu. Aliichukia nafasi ile tupu kuliko njaa iliyomleta.

Hakuna aliyesukuma. Wapishi, wenye maduka, vikongwe kwenye viti vya magurudumu, wote wamekumbatia bahasha. Kuwatazama tu mwili ulimsisimka. Kumbe wasio na kwao ni wengi hivi.

Alasiri akafika dirishani. Karani, binti mwenye miwani, akalinganisha karatasi zake.

"Shangazi, mbona hapa kuna watu wawili? Kitambulisho kinasema kumi na tano Agosti. Cheti cha kuzaliwa cha kijijini, tano Oktoba."

Akainama kuzitazama zile tarehe. Alipoandikishwa kitambulisho, alijibu kama mama alivyomfundisha: mwezi wa nane, siku ya kumi na tano, mwezi ukiwa mpevu. Mama alihesabu kwa mwezi mwandamo. Nani angemwambia kwamba serikali inahesabu vingine?

"Ni mimi yule yule, mwanangu."

"Mimi nakuamini. Mkubwa wangu atataka ushahidi."

Nyuma yake alisimama mzee Kwok, mpiga ramli wa mtaani, waliyetaniana naye tangu alfajiri. Akachomoa mkobani kitabu kinene cha kalenda, chenye tarehe za mwezi mwandamo na za serikali bega kwa bega.

"Huyu mama kanicheka kutwa nzima kwamba nabeba tofali," akasema. "Haya, binti. Mwaka wa arobaini na moja. Soma mwenyewe."

Karani akafuata mistari kwa kidole, akasita, akatabasamu. Siku ilikuwa moja.

"Mama yangu naye ana tarehe mbili," akasema, akaandika, akagonga muhuri.

Nje, Yuet-ngo akaisoma risiti. *Ombi limepokelewa. Amezaliwa tarehe 5 Oktoba, yaani mwezi wa nane, siku ya kumi na tano, kwa mwezi mwandamo.* Tangu azaliwe, hakuna serikali iliyowahi kuiandika siku hiyo kama mama yake alivyoisema. Akalia pale pale mbele ya maelfu ya watu, wala hakuona haya.