Kumtafutia Mapembe Fundi

Nilitoka Tabora kwa gari moshi, daraja la tatu, nikashuka Morogoro. Siku hizo hapakuwa na reli ya kutoka huko kwenda Tanga, kwa hiyo nikapanda lori la mahindi lililopitia Handeni, juu ya magunia, vumbi likanitia mvi kabla ya wakati. Korogwe nikapanda treni nyingine. Kuanzia hapo mkonge ulipita dirishani mistari kwa mistari, nikadhani umekwisha, ukaanza tena. Nilikuwa kijana mwenye elimu ya sekondari na miguu isiyotulia. Sasa nimevuka arobaini, na miguu ni ile ile.

Nilipata ukarani Tanga, katika ghala la katani karibu na bandari. Katani ilifungwa marobota, na robota moja lilitaka wanaume wanne. Kisha tajiri akaleta foklifti. Mahamali waliiita Mapembe, kwa sababu ya vile vyuma viwili vya mbele. Siku ya kwanza iliingiza vyuma chini ya marobota mawili, ikanguruma, ikayapandisha hadi karibu na bati la paa. Hamali mmoja alivua kofia. Mimi niliyekwisha kusoma habari za mashine vitabuni nilijikuta nimeshika ukuta.

Baada ya miezi Mapembe ikaanza kuvuja mafuta. Asubuhi moja hamali alikuwa chini ya mzigo akipanga mbao, vyuma vikashuka ghafla. Aliruka. Robota likabana kikoi chake, akatoka mbio na kaptula ya ndani. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka; alisimama mbali, akakataa kurudi hata kukichukua kikoi.

Mnyapara wao, mtu mzima wa Kigombe, akanijia ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vijana hawaingii tena chini ya dude lile. Tafuta fundi wa kuliangalia kila mwezi, si wa kuja kutia viraka. Akikosea, atakayezikwa si tajiri."

Tajiri naye aliniachia mimi kuchagua, ila meli ilikuwa njiani na alitaka haraka.

Kwanza alikuja fundi wa mtaa wa Mabawa, mcheshi, aliyezoea malori ya mashamba. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza. Akapandisha marobota mawili, akaketi chini yake juu ya debe.

"Nileteeni kahawa! Asiyeniamini aje tukae pamoja!"

"Kaa peke yako, shemeji," hamali mmoja akamjibu. "Na dada yetu tumekwisha mtafutia mume mwingine."

Ghala zima likacheka. Fundi alipoinuka, mnyapara alichora mstari wa chaki pale vyuma viliposimama, tukaenda kula. Tuliporudi, vyuma vilikuwa vimeshuka upana wa kidole.

Fundi alikuna kichwa. "Mpira wa ndani unaozuia mafuta umechoka. Huo mie sina," akasema waziwazi, nikampenda kwa hilo. "Lakini kazi itafanya. Mtakuwa mnaniita."

Kesho yake akaja fundi Singasinga kutoka karakana ya mjini. Mahamali wakamsogezea debe lile lile.

"Sikai," akasema. "Hata nikiitengeneza mwenyewe, sikai. Na nyinyi msikae."

"Huyu haamini kazi yake!" mtu akapaza sauti.

Singasinga aliagiza magogo mawili ya mvule, akayasimamisha chini ya vyuma, ndipo akaingiza mkono. Akaifungua ile jeki kubwa ya kunyanyulia, akapanga vipande vyake juu ya mkeka safi. Nguzo ya ndani ilipochomolewa iling'aa kama kioo, tukaziona sura zetu zimerefuka ndani yake. Kitu chembamba hivyo ndicho kilichokuwa kikipeleka marobota juu. Singasinga alipitisha ukucha, akatuonyesha mkwaruzo ambao jicho langu halikuuona. Akasema ataulainisha, na mpira mpya atauagiza Mombasa. Wiki nzima. Baada ya hapo angekuja kila mwezi, na mtu asiingie chini bila magogo kusimamishwa.

Kwa yule wa Mabawa, Mapembe ingefanya kazi siku ile ile. Nilimtazama mnyapara. Yeye aliwatazama vijana wake, mmoja mmoja.

"Mchukue huyu mwoga," akaniambia. "Wiki hii tutabeba sisi."

Wakabeba. Wanne kwa robota, magunia yamekunjwa mabegani, mmoja akiimba na watatu wakimjibu kwa pumzi, kutoka ghalani hadi kwenye matishari yaliyopeleka mizigo melini. Marobota yalikwenda kama yanaelea. Yule aliyeachwa bila kikoi alikuwa kundi la mbele. Tajiri alikuja kunifokea, akasimama mlangoni, akasahau alichojia. Nilikuwa nikidhani nimeona nguvu siku ile Mapembe ilipokuja.

Mpira ulifika, ukatiwa, na Singasinga akaja kila mwezi kama alivyosema. Fundi wa Mabawa tukampa malori yetu, akawa anakuja kututania.

Nilikaa miaka, kisha miguu ikaanza kuwasha. Siku niliyoondoka moja kwa moja, lori la Pangani likiningoja nje, niliingia ghalani kuaga. Nilimpa mkono kila hamali. Walikuwepo wote niliowakuta, wazima.

"Unakwenda wapi?" mnyapara akauliza.

"Kusini."

"Kusini kuna nini?"

"Sijui, mzee."

Akacheka, akanishika bega. "Haya, nenda. Tuna tishari linatungoja."