Sarafu Chini ya Vibanzi

Siku yangu ya kwanza kazini Sydney nilikabidhiwa brashi ya waya na rundo la biti zilizoganda matope. Biti ni kile kichwa cha chuma kinachofungwa mwisho wa mabomba ya mtambo, na ndicho kinachokula mwamba. Nilikuwa nimechimba visima Kitui miaka mingi, nikiwa na mtambo chini yangu na watu wa kutuma. Sasa nilikuwa kwenye karakana ya kampuni moja ya visima kule Seven Hills, nasugua vyuma. Sikununa. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hakuna aliyeahidi kwamba mgeni hatapewa brashi.

Saa ya mapumziko, ambayo Waaustralia huiita smoko hata kama hakuna anayevuta, nilimfuata msimamizi wa mtambo nyuma ya makontena. Msimamizi ndiye mwenye dhamana ya mtambo, mabomba, na watu wote wanaouzunguka. Huyu wetu alikuwa mzee mrefu, mikono imejaa makovu madogo. Alitandaza turubai chini, akaweka kipande cha ngozi pajani, akatoa jiwe jeusi na kuanza kuligonga kwa jiwe jingine la mviringo. Vibanzi vyembamba vikawa vinadondoka miguuni pake.

Nilidhani jua limempata. Kwetu kugonga mawe ni kazi ya mama asiye na njia nyingine. Mama yangu mwenyewe aligonga kokoto kando ya barabara ya Mwingi, akiziuza kwa wajenzi, na kokoto hizo ndizo zilizonisomesha hadi chuo cha ufundi. Leo mtu mwenye mshahara na gari anagonga kwa raha zake!

"Sit down, mate," akasema bila kuinua kichwa. "Unaangalia tu, au unataka kujaribu?"

Nilijaribu kwa adabu, nisije nikamuudhi bosi. Nikajikata kidole. Kesho yake nikajaribu kwa hasira, na baada ya hapo hapakuhitajika mwaliko. Nilijifunza kwamba jiwe zuri likigongwa hulia kama kengele, na lenye ufa wa ndani hutoa sauti ya sufuria iliyotoboka. Nilijifunza kugonga ukingoni, kwa pembe ya mshazari, ili kibanzi kitoke kirefu na jiwe libaki na makali, kama visu vya mawe vya watu wa kale. Nilipomweleza mke wangu kwenye simu, yeye bado akiwa Kenya akisubiri visa, alinikatiza.

"Baba Mwende," akasema, "umevuka bahari kwenda kugonga kokoto? Mama yako akisikia?"

Mama alisikia. Alicheka hadi akakohoa, kisha akauliza kama huko wanalipa kwa ndoo.

Msimamizi alikuwa na sharti moja ambalo hakulifanyia mzaha. Ukikaa kuchonga mawe mahali pa wazi, usipokuwa na turubai, kwanza ufukue kidogo, uweke sarafu, ndipo ugonge juu yake. "Ipo siku mtu atachimbua hapo," alisema. "Ataona vibanzi, atadhani amepata kazi ya watu wa kale. Usimdanganye yule jamaa. Sarafu itamwambia ni wewe." Nikamuuliza mbona yeye hutumia turubai siku zote. Akasema Australia ina wenyewe, na wenyewe wameacha mawe yao ardhini tangu zamani sana. Hapa hata sarafu haitoshi, lazima uokote kila kibanzi uondoke nacho.

Niliposugua biti za kutosha nilirudishwa kwenye mtambo, na nilipozoeleka kwenye mtambo meneja akaniita ofisini. Kampuni ilikuwa imepata kazi ya kuchimba visima vijijini, kwenye nyika ya kaskazini mashariki mwa Brazil.

"You're from dry country, aren't you?" akaniuliza.

Nikamwambia kwetu mbuzi wanajua majina ya mawingu. Akaniandikia tiketi.

Nashukuru kwa tiketi ile mpaka leo. Niliposhuka kwenye gari katika kijiji cha Baixa do Umbu, niliona udongo mwekundu, miiba, na wanawake wenye madumu, nikahisi nimerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Maji yaliletwa na lori, na lori lilikuja lilipojisikia. Aliyetupikia kambini alikuwa Dona Zefa, yaani Bi Zefa, mama mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa kubeba maji. Binti yake alishahamia São Paulo, na Dona Zefa alituambia wazi: kisima hiki kisipopatikana, atafunga mlango wa nyumba aliyozaliwa na kumfuata binti. Hakutaka. Alisema São Paulo watu hawasalimiani kwenye ngazi.

Saa zangu za mapumziko nilizitumia kwenye jabali moja lililochomoza kama kibaraza juu ya mto mkavu. Kivuli kilikuwa kizuri, upepo ulipita, na mto ulikuwa umesomba mawe ya gumegume, yale magumu ya kutoa cheche, ambayo msimamizi wangu angeyalilia. Turubai zote zilikuwa zimefunika mitambo, kwa hiyo nilitumia sarafu. Nilikuwa na mkebe wa shilingi za Kenya zisizonunua kitu Sydney wala Brazil. Kila nilipochagua mahali pa kukaa, chini ya jabali au juu yake, nilifukua, nikaweka shilingi, nikagonga.

Dona Zefa alinifuma nikifukia. Kireno changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini chake kilikuwa cha mikono miwili, tukaelewana.

"Mwafrika, unapanda pesa?"

"Ndiyo, Dona."

"Utangoja sana. Hapa hata mahindi hayaoti."

Tangu siku hiyo kambi nzima ikaniita mpanda pesa.

Mhandisi mkuu, Mbrazili wa mjini mwenye kofia safi, alipima ardhi na kuchagua pa kuchimba. Kwenye mwamba mgumu maji hujificha nyufani, na yeye aliona nyufa mbili zinakutana chini ya lile jabali langu, palepale nilipokaa kuchonga. Ila kabla mtambo mzito haujakanyaga eneo kama lile, sheria ya huko inataka daktari wa mambo ya kale apite kwanza. Akaja mama mmoja kijana mwenye miwani, Dakta Luciana. Alitembea hatua chache, akainama, akaokota kibanzi, akazungusha kamba eneo lote, juu na chini ya jabali.

"Kazi isimame," akasema.

Mhandisi alishika kichwa. Mtambo ulikuwa unasubiriwa wilaya nyingine, na mwisho wa juma ungeondoka, maji yawepo yasiwepo. Nikajitokeza mbele, nikaeleza kwa Kireno changu kibovu kwamba vibanzi ni vyangu, na kwamba akifukua atakuta shilingi ya Kenya. Watu wakacheka. Dakta hakucheka. Alipiga magoti na mwiko wake mdogo, kijiji kizima kikiwa kimesimama nyuma ya kamba, akafukua taratibu mpaka kitu kikang'aa. Akakipangusa kwa kidole. Ilikuwa shilingi yangu.

Kelele zilizopigwa hapo! Dona Zefa alinikumbatia kiunoni, maana mabegani hafiki. Mhandisi alishaanza kuwaita madereva. Lakini Dakta aliendelea kukwangua. Chini ya sarafu palikuwa na udongo mtupu, kisha mwiko ukalia tena. Akatoa kibanzi kingine, kimefunikwa ukungu mweupe kama maziwa yaliyokauka, na kingine, na kingine. Akavitandaza kiganjani, akaniangalia.

"Na hivi? Vyote ni vyako?"

Alikuwa anauliza kweli. Gumegume lile lilikuwa na mishipa myeupe hapa na pale, hivyo weupe pekee haukuthibitisha ukale, na mimi ndiye niliyelijua. Mhandisi akanikazia macho. Dona Zefa bado alikuwa ameshika mkono wangu, naye akaubana. Neno moja dogo tu lilitakiwa, na mtambo ungewaka kabla ya chakula cha mchana. Nilimwaza mama yangu na dumu lake la maji kule Kitui. Nilimwaza pia yule mzee nyuma ya makontena. Ukikubali sarafu ikusemee kwa vilivyo juu, huwezi kuinyamazisha kwa vilivyo chini.

"Vya chini ya sarafu si vyangu," nikasema.

Dona Zefa aliuachia mkono wangu. Hakuna mwanakijiji aliyenitukana, na ingekuwa nafuu wangenitukana. Mhandisi aliniambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni mpumbavu mwenye heshima zangu, kisha akaenda kupiga simu. Mchana ule Dona Zefa alinipakulia maharage, sahani ikatupwa mezani mpaka mchuzi ukaruka. Nilikula nikiwa na hofu kwamba nimefunga mlango wa mama yule kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye na mimi tulikuwa watoto wa ukame mmoja, nami nilikuwa nimewatetea wafu kwanza.

Jioni Dakta alikuja kwenye hema langu na kikombe cha kahawa. Akaniuliza ni wapi kwingine nilikochonga. Nikamwonyesha juu ya jabali, upande wa pili, mahali ambapo mhandisi alipaita chaguo la pili kwa sababu kuna ufa mmoja tu. Hapo pia palikuwa pamejaa vibanzi, na kwa kawaida yeye angepachunguza majuma kadhaa kabla ya kuruhusu hata koleo.

"Chini ya sarafu ya huku kuna nini?" akauliza.

"Mwamba mtupu."

"Asubuhi ungeweza kunidanganya, na hukunidanganya. Nitafukua kesho. Nikikuta mwamba mtupu, chimbeni."

Alifukua. Ilikuwa shilingi, kisha mwamba mtupu. Akaikata kamba ya upande huo papo hapo.

Tulichimba kama watu wanaofukuzwa. Mtambo unapochimba, hewa hupulizwa ndani ya mabomba na kurudisha juu vumbi la mwamba, nawe unalipanga mafungu mafungu ardhini kusoma rangi yake. Vumbi letu lilikuwa la kijivu. Likaendelea kuwa la kijivu. Mhandisi akaacha kuvaa kofia. Siku ya mwisho, madereva wakiwa wameshafunga nusu ya mizigo, vumbi likabadilika kuwa kahawia, halafu likaanza kushikana kama unga wa ugali, halafu likaacha kuwa vumbi. Maji yalitoka machafu, yakatapika, yakatulia. Hayakuwa mengi kama yale ambayo mhandisi aliahidi kule chini. Ya bustani hayakutosha. Ya watu na mbuzi yalitosha.

Dona Zefa alikuja na kikombe cha bati. Alikinga, akangoja matope yatulie, kisha badala ya kunywa akaninyooshea mimi.

"Kunywa wewe kwanza, mpanda pesa," akasema. "Imeota."

Nililia mbele ya watu, sioni haya kulisema.

Sasa nimestaafu, tunaishi Minto, hapahapa Sydney, na mama Mwende bado anakuta vibanzi kwenye zulia. Ninachonga vitako vya chupa za bia, juu ya turubai gerejini, na vibanzi vyote naviokota, maana nchi hii ina wenyewe. Wakenya wenzangu kanisani wakisikia nilikaa Brazil huniuliza kuhusu mpira. Mjukuu wangu hunitazama nikihangaika na kioo, ananiuliza, "Babu, why don't you just buy a knife?" Namjibu kwa Kiswahili, naye ananijibu kwa Kiingereza, na kila mmoja anaridhika kwamba ameshinda.

Vijana mnaoingia kazi hii, ninyi mna mitambo inayojisomea mwamba wenyewe, nami nawaonea gere. Nina neno moja tu la kuongeza. Siku tunaondoka Baixa do Umbu, Dakta alitaka kunirudishia shilingi ya chini ya jabali. Nikakataa, akairudisha palepale alipoitoa na kufukia. Dona Zefa, ambaye hajahama, hunitumia sauti kwenye simu kila Krismasi, na kabla ya salamu huniambia bado ipo. Yule mtu wa kale mwenye vibanzi vya chini alichagua kivuli kilekile na upepo uleule kama mimi, akagonga mawe yake akaenda zake. Huenda naye alikuwa na mama. Juu yake kuna shilingi ya Kenya, juu ya shilingi kuna takataka zangu, na upande wa pili wa jabali watu wanachota maji.