Mkeka wa harusi

Bibi wa Matondoni aliyekuwa akinisukia mkeka wa harusi ya binti yangu alinipigia simu Ijumaa. "Mwanangu, mkeka wako umekwenda na tufani." Harusi ilibaki siku nne.

Nikamwambia pole, lakini moyoni nikasema huyu ameuuza. Tufani gani? Kwetu Mkomani, mjini kwenye nyumba za mawe, ilinyesha mvua tu. Nilifunga madirisha, nikasali, nikalala. Hata kanga niliyoisahau uani niliikuta kambani. Na Matondoni ni kisiwa hiki hiki.

Nikapanda punda. Ndiani nilipanga maneno, hata aya ya amana niliitayarisha. Nilipofika, nyumba ya kwanza kijijini ilikuwa na paa lake zima, nikazidi kumshuku.

Yeye nilimkuta amekaa kwenye nyumba isiyo na paa. Makuti yake yalikuwa yamelala mikokoni. Ukili wa kushonea mkeka wangu, mwekundu na wa zambarau, rangi nilizozichagua mimi, ulikuwa umenasa kwenye ua wa miba, umejaa tope.

"Umekuja kunipa pole?" akaniuliza.

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Lakini nilikuwa na udhu, nikaona haya. "Nimekuja kukukagua, mama. Nilidhani umeuuza."

Akanitazama sana, kisha akacheka. "Nyinyi watu wa nyumba za mawe! Hata kiama mtakisikia kwa jirani. Haya, vua buibui tuoshe ukili."

Tulishona pamoja siku tatu. Mkeka ulitoka mfupi, na bwana harusi alikaa miguu nje.