Mtani wa Babu

Bado naisikia fimbo ikigonga jeneza la babu yangu, ko, ko, ko. Juzi msibani Gongoni niliwaona watani wakiwachekesha wafiwa, nikamkumbuka yule mzee wa Kigogo aliyepigana vita vya Kagera kikosi kimoja na babu.

“We Mnyamwezi, amka! Kikosi kinaondoka, unajifanya mgonjwa?” mzee huyo alimfokea babu aliyelala jenezani, akiligonga kwa fimbo yake. “Hata kule ulikuwa unatuchelewesha hivihivi!”

Watu wakacheka huku wanalia. Sasa najua ule ulikuwa utani wa makabila yetu tu. Siku ile, nikiwa mtoto, sebule ikinuka mbao mpya na mishumaa, niliamini babu anaitwa kweli, na akichelewa ataachwa.

Nikapenya chumbani kwake, nikavuta mabuti yake ya jeshi kutoka uvunguni, nikayafuta vumbi kwa gauni langu, nikayapanga mlangoni yakitazama nje.