Mawe ya Lango Chini ya Nyumba ya Mjomba

Hapana, usiniambie ni rundo la mawe tu. Wewe rundo unalijua? Rundo liko pale Mukendo mjini, wamelimwaga barabarani wakidai wanaziba mashimo, na mashimo bado tunayarukaga. Kule mlimani, ukishapita Butiama, ni ukuta. Umepangwa bila udongo wala saruji, na babu wa mama yangu alikuwaga anaingiza ng'ombe humo wezi wa mifugo wakija.

Ndivyo nilivyomfokea rafiki yangu, fundi cherehani wa Bunda, mpaka akafunika cherehani yake akasema haya, nipeleke nikaone hayo maajabu.

Mimi mambo ya kale sikufundishwa na mtu. Nimeyaokota mwenyewe, kwa kuuliza wazee na kugombana na kila anayebisha. Kwa hiyo njia nzima, juu ya pikipiki, nilikuwa nahutubia. Kufika, lango hakuna. Kuta zimesimama, katikati limebaki tundu ambalo hata tipa lingepita.

Tukamkuta afisa wa mambo ya kale anasimamisha kibao: MARUFUKU KUGUSA MAWE. Kibao chenyewe amekikazia na mawe matatu ya ukutani. Nikamwakia. Nikamuuliza serikali inalinda urithi au inalinda kibao. Akajibu kwa upole kwamba utunzaji ni jukumu la jamii. Nikasema jamii tumeambiwa tusiguse, sasa tutatunza kwa macho? Akasema basi ni jukumu la ukoo. Hapo nikapandwa na hasira kabisa. Nikaapa kwamba nikimjua aliyebomoa lango namtaja hapo hapo, hata awe damu yangu. Afisa akaandika kwenye daftari.

Njaa ikatupatanisha. Nikawakaribisha wote wawili kwa mjomba, kaka yake mama, chini ya mlima. Mjomba kajenga nyumba mpya, bati jekundu. Nikaangalia msingi, nikasogea karibu. Kando ya ngazi kulikuwa na jiwe lenye mfereji laini, ule uliolika kwa miti ya kufungia lango. Utotoni nilikuwaga napitisha kidole humo.

Nikamfuata mjomba nyuma ya nyumba, anapara samaki, nikamuuliza kwa kunong'ona kama ana akili timamu. Hakuacha kisu.

"Mawe ya babu yangu yamebeba nyumba ya mjukuu wake," akasema. "Mwizi hapo nani? Na wewe mlinzi, mara ya mwisho ulikuja lini?"

Nilikujaga kupiga picha.

Tukala ugali na sato. Afisa alikaa pale kwenye ngazi, mgongo kauegemeza kwenye lile lile jiwe, anausifu ukarimu wa ukoo wetu. Alipomaliza kunawa, akafungua daftari.

"Haya kijana. Umeshapata fununu yoyote?"

Mjomba akaacha kutafuna. Mkewe akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Ni watu wa Bunda," nikasema. "Walikuja na tipa."

Afisa akaandika. Rafiki yangu akarudisha tonge kwenye sahani, akaniangalia mpaka nikaangalia pembeni. Mpaka leo hanishonei hata kifungo, na mjini ananitangaza kwamba mimi ndiye mtunza urithi mkuu wa mkoa.

Sawa, anitangaze. Lakini wewe unayenicheka, umekaa mbele ya mjomba wako na samaki wake bado yuko tumboni mwako: ungemtaja?