Kabati la Kadi na Jina Lisilotamkwa

Hadi leo nikilikumbuka kabati lile la chuma, damu inanichemka.

Nilikuwa karani wa hospitali Kibondo, kijana niliyejifundisha ukarani mwenyewe kwa kunakili magazeti ya kufungia chumvi. Niliogopa makosa kupita kiasi. Herufi ikipinda, sikupata usingizi. Ndipo akaja afisa kutoka Kigoma mjini na kabati lake. Daftari letu, lililopanga wagonjwa kwa mlima wanakotoka, alisema limepitwa na wakati. Kuanzia sasa kila mgonjwa atakuwa na kadi, na kadi zitapangwa kwa jina la ukoo. Mke ataandikwa chini ya jina la baba mkwe. Tukimaliza kunakili, daftari lichomwe.

Nilinakili kwa furaha, naungama. Niliangalia mwandiko wangu tu, watu nikawasahau.

Asubuhi ya kwanza ya kadi alifika mama mmoja kutoka Murungu, kwa miguu, kuchomwa sindano ya kifua kikuu. Alikuwa katikati ya dozi, na muuguzi alikwisha kumwonya kwamba akikatisha, ugonjwa utarudi na nguvu mpya.

"Mwakeye," alitusalimu.

"Jina la ukoo?" afisa aliuliza bila kuitikia.

Mama akatazama sakafu. "Siwezi."

"Huwezi au hujui?"

"Nalijua, baba. Siwezi."

"Labda umngoje mumewe, bwana mkubwa!" mzee mmoja alidakia kwenye foleni. "Unataka alitaje jina la mkwewe mbele zetu sote?"

Watu wakacheka. Afisa hakuelewa. Kwetu Uha mke hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa anaumwa. Na mimi, Muha niliyezaliwa hapa, nilikuwa nimezifungia kadi za wanawake wote nyuma ya neno wasiloweza kulitamka! Niliona aibu, kisha hasira.

"Hana jina, hana kadi," alisema afisa. "Hana kadi, hana sindano. Mwingine!"

Mama alikohoa ndani ya kanga yake, akaanza kugeuka.

Daftari lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba, likingoja kiberiti. Nikaikata kamba kwa meno.

"Ndugu karani! Nimesema lichomwe!"

"Mama, wa mlima upi?" nikauliza.

Akautaja kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. Nilimpata daftarini chini ya mlima huo, nikasoma jina la mkwewe kimoyomoyo, nikatoa kadi yake kabatini, nikampa muuguzi. Sindano ikaingia.

"Leo jioni lichomwe," afisa alisema, uso umemvimba. "Au nitatafuta karani aliyesoma shule."

"Mtafute," nikasema. Sauti yangu ilipasuka kama ya mtoto. "Lakini hachomi mtu mpaka kila kadi iandikwe mlima wake."

Kisha nikaliweka daftari kitini na kulikalia.

Afisa aliondoka na gari la posta. Mama yule aliporudi kwa sindano iliyofuata, nilikuwa bado nimekalia daftari, kadi zimetapakaa mezani, nikiandika milima.

"Bado umelikalia?" aliuliza akicheka.

"Bado, mama. Wa mlima upi?"