Ngogo Wawili wa Miamba ya Mpulungu

Niliondoka Kolwezi kwa sababu mama yangu aliniambia niondoke. Ulikuwa wakati ule watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao kote Katanga, kusini mwa Kongo, na migodi nayo ilikuwa ikifa. Nilizaliwa cité ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, na Kasai sikuwahi kuikanyaga, lakini naitwa Mbuyi, jina la Kikasai, na hilo lilitosha. Kazi yangu ilikuwa kuzamia bwawa la Nzilo, kusafisha vyuma vinavyozuia takataka kwenye mlango wake wa maji. Maji yale ni meusi, kwa hiyo nilifanya kazi kwa kupapasa. Miaka yote samaki walinigusa miguu, na sura zao sikuzijua.

Vijana ndio waliopigwa zaidi. Mama, ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka, alihamia kwa jirani yetu mama Ngoie, mtu wa kaskazini ya Katanga ambaye hakuna aliyemfukuza, akajificha chumba cha nyuma. Dereva mmoja wa lori alikuwa amenieleza kwamba Mpulungu, upande wa Zambia wa ziwa Tanganyika, kuna mtu anatafuta wazamiaji. Nikapanda lori lake.

Tulipita kituo cha treni cha Kolwezi asubuhi. Familia zilikuwa zimelala nje chini ya mashuka, kati ya vitanda na cherehani zao, zikingoja treni ya Kasai isiyojulikana itakuja lini. Tulipopita mji wa Tenke nilijificha katikati ya magunia ya makaa mpaka tukatoka mjini. Baada ya Likasi nilikaa mbele na dereva, na tulipovuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia nikagundua kwamba nilikuwa nimekunja ngumi njia yote.

Mpulungu nilipokewa na Ba Sikazwe, kama wanavyomwita mtu kwa heshima huko, mzee mwenye mabega mapana, anayejua Kiswahili cha wafanyabiashara wa ziwani. Alivua samaki wakiwa hai kwa ajili ya watu wa mbali wanaowafuga ndani ya masanduku ya vioo. Aliniambia kuzamia ninakujua, ila nisipojua kutofautisha samaki sitamfaa.

Siku ya kwanza chini ya maji nilisahau kazi. Niliona mkono wangu mwenyewe, kisha miamba, kisha samaki wa manjano, wa milia, wadogo kama kidole wakiishi ndani ya magamba ya konokono. Nilipopanda juu nilimuuliza Ba Sikazwe maswali mpaka akacheka. Huyu mwenye milia ni dume au ni jamii nyingine? Kwa nini yule haachi jiwe lake? Jike mmoja alikuwa na shavu lililovimba. Nilidhani ni mgonjwa. Kumbe alikuwa amebeba watoto mdomoni.

Tukamweka jike huyo kwenye beseni. Baada ya siku chache alifungua mdomo, na aliyetoka hakufanana naye hata kidogo. Alikuwa na ndevu na madoa meusi. Alikuwa ngogo, jamii ya kambare.

Ba Sikazwe hakushangaa. Alieleza kwamba ngogo huyo hutaga mayai penye mayai ya samaki wengine, jike wao akayaokota yote mdomoni, na mtoto wa ngogo akiisha kuanguliwa huwala wale wengine humo mdomoni.

"Ni mugeni," alisema. "Anakula batoto ba nyumba. Tukimukuta tunamutupa juu ya mawe, akauke."

Maneno yale yale nilikuwa nimeyasikia Musonoi, kutoka kwa mtu aliyesimama juu ya pipa akitunyooshea kidole. Nilimsimulia Ba Sikazwe. Akasema taratibu, "Mi nilisema juu ya samaki, Mbuyi. Bantu si samaki."

Hata hivyo swali halikuniacha. Nikaanza kuwatazama ngogo wote wenye madoa, na nikaona si wa aina moja. Mmoja, kama yule aliyetoka mdomoni mwa jike, ana tumbo jeupe tupu. Mwingine madoa yake ni madogo na yanashuka mpaka tumboni, na huyo, kila nilipomkuta akitaga, alitaga kati ya mawe na kuondoka zake. Nilimwonyesha Ba Sikazwe wawili hao ndani ya beseni moja. Aliinama akawatazama mpaka maji yakatulia. Akakiri kwamba siku zote walikuwa wakiwatupa wote. Kuanzia hapo alikataza kutupwa hata yule mwenye tumbo jeupe, kwa sababu naye anaishi alivyoumbwa.

Tuliposikia Kolwezi imetulia kidogo, nilirudi kumchukua mama. Mama Ngoie alinifungulia, amekonda sana. Mishahara ilikuwa imekatika, na chungu chake kimoja kililisha watoto wake pamoja na mama yangu. Mama alikuwa hai. Aliponikumbatia alininong'oneza, "Huko inje usiniite mama. Ye Ngoie njo mama yako. Mi niko dada yake mukubwa."

Siku ya kuondoka mama Ngoie alitusindikiza mpaka kwenye lori. Vijana wenye fimbo walitusimamisha, wakauliza mama yangu ni nani.

"Ni dada yangu," alisema mama Ngoie, "na huyu ni mutoto yetu."

Mmoja wao alikuwa wa mtaa wetu. Alitujua sote watatu. Alimtazama mama Ngoie usoni, na mama Ngoie hakuinamisha macho. Kijana akasogeza fimbo, tukapita.

Safari ile ilinifundisha kutazama kiumbe vizuri kabla ya kumpa jina. Mama Ngoie alikuwa ametutazama miaka yote, ng'ambo ya ua, na alijua kwamba sisi si wageni.